Matembezi ya Ibn Battuta Mji wa Kale: nendeni, ila Fort Jesus ifupishwe

Sisi tunaosomesha madrasa twajua ilivyo kazi kumfanya mtoto aamini kwamba wanavyuoni wa kwenye vitabu nao walichoka, walisikia njaa na walisubiri pepo. Niliposikia kuna kijana anayetembeza watu Mji wa Kale wa Mombasa kwa habari za wanavyuoni wasafiri, nikawachukua wanafunzi wangu, mabanati watupu. Shilingi 300 kwa mwanafunzi, na sioni kwamba ni ghali.

Habari yote inazunguka usiku mmoja. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni msafiri mzaliwa wa Tangier, Morocco, alitoka Mogadishu kwa chombo akielekea Kilwa, akalala kwetu Mombasa. Katika usiku huo aliona mengi: migomba na ndimu, zambarau tamu, nafaka isiyolimwa kisiwani bali kuletwa kutoka mwambao, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi wanaokula ndizi na samaki, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi. Kijana anayasoma haya kwa Kiarabu kwanza, taratibu, kisha anayaeleza kwa Kiswahili chetu cha hapahapa.

Penye raha hasa ni kisimani, mkabala na msikiti wa Mandhry. Msikiti wenyewe inasemekana ni wa 1570, yaani haukuwepo siku za Ibn Battuta, na kijana alilisema hilo waziwazi. Ibn Battuta ameandika kuwa mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima au viwili, kina chake dhiraa (urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole) moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini mwembamba wa dhiraa moja. Basi kijana amemchongesha seremala kata ya namna hiyo. Akamwita mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote: teka, jimiminie miguuni, jifute kwenye jamvi, ndipo uingie. Mtoto akafanya kwa makini, nyayo zake zikabaki zimechoreka kwa maji kwenye jamvi. Wenzake wote wakataka zamu, na kila mmoja akapewa.

Alieleza vizuri pia ni vipi mtu aliweza kuzunguka dunia bila mali nyingi. Elimu ndiyo iliyomfungulia milango. Kule Mogadishu mfanyabiashara alipokewa na mwenyeji wake, lakini faqihi, mjuzi wa sheria ya dini, alipelekwa kwanza kwa sultani, na Ibn Battuta akawekwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali wa samli. Baadaye Delhi na Maldives alifanywa kadhi.

Lililoniudhi ni Fort Jesus. Tulisimama hapo muda mrefu mno, juani, tukisikia habari za mizinga ya Wareno. Ngome hiyo ilianza kujengwa 1593, miaka 262 baada ya mgeni wetu kupita. Ina historia yake, lakini si ya siku hiyo.

Na kijana alipofika kwenye habari za Dimashq (Damascus), ambako mwaka 1326 Ibn Battuta alisikiliza kitabu cha hadithi cha Sahihi Bukhari katika msikiti wa Banu Umayya na kupata ijaza, yaani idhini ya kusomesha, alitaja wanaume tu. Nikamwomba ruhusa niongeze: katika waliompa ijaza alikuwemo Zainab bint Ahmad, mpokezi wa hadithi aliyekuwa akifuatwa na wanafunzi. Mmoja wa mabanati akaniuliza, “Ustadha, kwani wanaume walikwenda kusoma kwake?” Naam, walikwenda, na ijaza yake walijivunia. Njia nzima ya kurudi Kibokoni hawakuwa na maneno mengine. Kijana alipokea kwa adabu, akaliandika jina kwenye simu, na naomba kwa dhati alitie katika maelezo yake ya kila siku, kwa sababu wasichana wengi watapita hapo bila mwalimu wa kuwaongezea.

Chukueni zamu ya baada ya alasiri, vaeni ndara za kuvuliwa upesi, na mkienda na watoto mwambieni kijana siku ya kulipa kwamba muda wa ngomeni uhamishiwe kisimani. Nimeshamuuliza, amekubali.