Fenicha za kale, zilizotumika au mpya: upi ununuzi unaofaa nyumba ya Dar?

Jibu la haraka ni hili. Kwa kitanda, meza ya kulia na kabati, anza kutafuta vilivyotumika vya mbao ngumu. Ukikosa, nenda kwa fundi. Fenicha mpya za dukani za mbao za kubandika zichukue nafasi ya tatu, na kwa vitu vichache tu. Za kale, zile za Unguja zinazomfanya kila mgeni aulize umezitoa wapi, ziwe za mwisho. Najua wengi wangeanza na fundi na mtumba wakauweka mkiani. Mimi napanga hivi kwa sababu ya ukavu wa mbao.

Mbao iliyopasuliwa juzi bado ina maji ndani. Fundi akiiunga mbichi, itamalizia kukauka ikiwa sebuleni kwako: inasinyaa, viungo vinaachia, mlango wa kabati unapinda, droo inagoma kufunga. Dar kwa unyevu wake kasoro hiyo huchelewa kuonekana. Hamia Dodoma na kabati hilohilo uone litakavyopasuka. Meza ya mninga iliyokaa nyumbani kwa mtu miaka ishirini imeshayapitia hayo yote. Kama ni ya kupinda, imeshapinda, na utaiona kabla hujatoa hela.

1. Zilizotumika, za mbao ngumu

Zinapatikana kwa familia zinazohama, kwa wageni waliomaliza mikataba ya kazi, kwenye minada na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Majina ya kutafuta ni mninga, mkongo, mvule na msaji. Shida ni kwamba kwa wauzaji wetu kila mbao nyeusinyeusi ni mninga. Usibishane naye. Vuta droo itoke yote, igeuze, tazama pale ambapo brashi ya vanishi haikufika. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu au dhahabu, na michirizi yake imeingia hadi ndani. Paini iliyopakwa rangi ni nyeupe ya manjano ukiitazama kwa nyuma, ina vifundo, na ukiibonyeza kwa ukucha inaacha alama. Kisha inua kona moja ya meza. Mbao ngumu ina uzito wake, mkono utakwambia.

Baada ya hapo ni wadudu. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo, tandika gazeti chini ya mguu wa meza au kiti, gonga mara kadhaa. Ukimwagika unga mpya, bungua bado yumo kazini, acha. Vitundu vya zamani visivyotoa kitu havina neno. Kwa vitanda hofu yangu kubwa ni kunguni. Toa chaga zote, mulika kwa tochi ya simu pale ubavu unapoingia kwenye kichwa cha kitanda, na ndani ya matundu ya skrubu. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu ndiyo saini yao. Sofa ya kitambaa iliyotumika mimi siinunui kabisa, hata ikiwa ya bure, isipokuwa nimekusudia kuivua kitambaa na sponji nibaki na fremu tu.

Mikwaruzo, vanishi iliyopauka na alama za vikombe visikutishe. Msasa na siku mbili za fundi vinamaliza hayo, tena ndiyo sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Kinachowaponza wengi ni vipimo. Magodoro yetu yanauzwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Futi 6 ni sentimita 183. Vitanda vingi vilivyotoka Ulaya vina urefu wa sentimita 200, kwa hiyo godoro lako la dukani litaacha pengo la sentimita 17 na mto utakuwa unatumbukia humo kila usiku. Ama uagize godoro la kipimo, ama uachane na kitanda. Na kabla ya kulipia kabati lolote pima mlango wa chumba, kona ya korido na ngazi, maana kirikuu, ile pikapu ndogo, kikishashusha mzigo getini hakuna wa kukusikiliza.

2. Mpya, kutoka kwa fundi

Kwa Dar, Keko ndiyo inayotajwa kwanza. Nairobi wana Ngong Road. Na kila mji una barabara yake yenye vitanda vilivyopangwa nje. Hapa unapata kipimo chako, na kwa sofa, kwa sababu ya kunguni niliokwisha kuwataja, hapa ndipo pa kwanza.

Usiagize kwa picha ya kwenye simu peke yake. Omba uone mbao zitakazotumika, na umuulize zimekaa muda gani. Mbao mbichi ina baridi ukiishika na uzito usio wa kawaida. Maranda yake yanajikunja laini badala ya kuvunjika. Angalia pia viungo vya kazi aliyokwisha kuimaliza. Mguu wa kiti unatakiwa uwe na ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu, ukabanwa na gundi. Ukikuta misumari imepigwa kutoka nje na mapengo yamezibwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, shukuru kwa upole, nenda banda la jirani.

Sofa ina ujanja wake, kwani kitambaa kinaficha kila kitu. Mwambie akupigie picha ya fremu kabla ya kuivika, mbele na chini, au pitia mwenyewe siku hiyo. Chini ya velveti inayong'aa nimeshaona vipande vya makreti na sponji ya viraka. Advansi iwe nusu, na makubaliano yaandikwe: aina ya mbao, vipimo, unene wa sponji, tarehe. Tarehe fundi ataivunja, hilo lisikusumbue sana. Aina ya mbao ndiyo isiyovumilika kuvunjwa.

Paini za Mafinga nazo zisidharauliwe. Kwa kitanda cha mtoto au rafu, zikiwa zimekauka na kutiwa dawa ya mchwa, zinatosha.

3. Mpya, za dukani

Ni zile za chipbodi na MDF, yaani mbao za chenga na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, nzuri kwa macho, zinazokuja vipandevipande ndani ya boksi. Zinafaa kwa meza ya televisheni, rafu ya vitabu, meza ya kompyuta. Adui yake ni kudeki: maji yanapanda kwenye kingo za chini kila asubuhi, baada ya muda miguu inavimba na karatasi ya juu inaachia. Kama wewe ni mpangaji anayehamahama, jua kwamba skrubu za bawaba zikishafunguliwa mara mbili tatu hazishiki tena. Kabati la namna hiyo huhama mara moja tu likiwa na heshima zake.

4. Za kale

Kasha la njumu (nakshi) za shaba, kitanda cha samadari, kile cha fahari kilichoinuka juu, kiti cha enzi. Pitia maduka ya Hurumzi na Gizenga, Mji Mkongwe, utavikuta. Vingi vimetengenezwa juzi, na si dhambi ikiwa bei nayo ni ya juzi. Kasha la kweli limelika pale mikono ilipopita: kuzunguka kufuli, kingo za kifuniko, pembe za chini. Likiwa limechakaa sawasawa kila mahali, huo ni msasa. Pekua pia chini yake: alama za msumeno wa mkono hazina mpangilio, za mashine zimenyooka.

Kwa nyumba ya kawaida kimoja kinatosha, nacho kiwe kasha. Utahifadhi mashuka na utalikalia. Samadari ni refu, linataka ngazi, na godoro lake ni la kuagiza.

Walioko Muscat au London wanaotaka kusafirisha wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya 1964 inataka leseni kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kwa milango ya kuchonga ya kabla ya 1940; Zanzibar ina taratibu zake. Kiti cha enzi chenye vipande vya pembe za ndovu ni mkosi mwingine, kwa kuwa biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku 1989. Muuzaji akuandikie kwenye risiti umri wa kitu na malighafi zake, na kibali ukione kwa macho yako kabla hela haijatoka mfukoni.