Redio ya babu na fundi wa Mbuyuni, Moshi

Redio imekaa mezani kwangu wiki ya tatu sasa, ndipo naandika. Kuna mafundi ambao kazi yao ukiisifu siku ya kwanza, siku ya nne unaona aibu.

Ni redio ya mezani ya babu, sanduku la mbao, iliyokaa darini kule Kibosho tangu sijazaliwa. Kifuniko cha nyuma kililiwa na mchwa. Jina la kampuni lilishang'oka, yamebaki matundu mawili ya misumari. Baba mdogo alitaka tuwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikaishusha mjini kwa daladala, nimeipakata kama mtoto.

Fundi wa kwanza simtaji. Aliangalia nyuma, akasema waya wa umeme umekatwa, akaunga adapta ya volti 12 hapohapo. Ndani kukamulika mara moja kama kiberiti, kisha kimya. Akanitoza elfu tano ya "kuangalia".

Huyu wa pili ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, na majirani wanamwita Meku tu. Hakugusa swichi. Alichomoa taa nne (valvu, vile vichupa vya kioo vinavyoendesha redio za zamani, yeye anaziita taa), na hakuzifuta vumbi, maana maandishi ya zamani yanaondoka na kitambaa. Alizihemea kama mtu anayesafisha miwani, herufi zikajitokeza: DK96, DF96, DAF96, DL96.

"Mwanangu, hii haijawahi kuonja umeme wa Tanesco."

Akanieleza. Herufi ya kwanza ndiyo inayokwambia taa inataka nini. Ikiwa E, uzi wake wa ndani unapashwa moto kwa volti 6.3, na hiyo ni redio ya kuchomeka ukutani. Ikiwa U, nyuzi zimeungwa kwa mfululizo, na chasi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, inaweza kuwa na umeme mtupu, usiiguse hovyo. D ni volti 1.4 tu. Hizo ni redio za betri, za watu wasio na umeme, na Kibosho ya miaka ya 1950 nani alikuwa nao? Hapo nikakumbuka bibi akisimulia betri "kubwa kama tofali" iliyonunuliwa kwa hela ya kahawa. Nilidhani anatia chumvi. Kumbe redio hizi zilitaka betri mbili: ndogo ya kupasha taa, na kubwa ya volti 90 ya kuendesha kazi yenyewe. Transista zilipokuja zikitumia betri za tochi, za namna hii zikapanda darini.

Volti 12 kwenye uzi wa volti 1.4! DK96 ilishaungua. Meku akafungua kopo la biskuti lililojaa taa zilizofungwa kwenye gazeti, akapata nyingine. Zile tatu zilipona, sijui kwa dua ya nani.

Kazi iliyobaki niliiona kwa macho yangu. Kapasita, vile vipande vidogo vya kutunza umeme, za karatasi na nta, alizitoa zote. Ile inayopeleka sauti kwenye DL96 aliipima mbele yangu: ilikuwa inavujisha, na ikivujisha, taa ya mwisho inakunywa umeme kupita kiasi na betri haidumu. Uzi wa kusogeza mshale wa stesheni ulikuwa umekatika. Akaweka uzi wa fundi viatu uliopakwa nta, anasema nailoni inateleza. Betri ya tofali akaitengeneza kwa betri kumi za volti 9 zilizoungwa mfululizo, na ya kupashia ni betri moja kubwa ya tochi.

Bei: 120,000, ndani yake 35,000 ya taa. Betri kumi ni juu yako, na ndizo zinazouma kila zikiisha. Risiti hakuna. Aliniahidi wiki moja, nikaipata wiki ya sita, na simu hapokei akiwa na lehemu mkononi.

Usitegemee FM. Ina masafa ya kati na masafa mafupi tu, na mchana ni mikwaruzo. Usiku wa saa tatu, waya wa antena ukiwa dirishani, nilipata mtu akisoma Kiarabu kwenye mita 31 za masafa mafupi, sauti nzito, ya mbao. Na taa haziwaki kama balbu: zima taa ya chumba ndipo utaona wekundu kidogo, usije ukadhani zimekufa.

Jambo moja tu limenikera. Juu ya sanduku kulikuwa na duara jeusi, mahali babu alipokuwa akiweka koroboi. Meku alipiga msasa na vanishi bila kuniuliza, sasa linang'aa kama kabati la dukani. Nilipomwambia, alishangaa kweli: "Lile doa? Nimelitoa kwa nguvu zangu zote."

Ukienda, usiijaribu redio nyumbani kwanza. Na suala la sanduku liseme kabla hujatoka kibandani.