Uzoefu wangu: baiskeli ya kukodi kwenye changarawe za maziwa ya Cancano, Italia

Kwa miaka minne sikupanda baiskeli. Niligongwa na gari nikitoka kazini hapa Milano, bega likateguka, na tangu siku hiyo kila nikisikia injini nyuma yangu mwili unakakamaa. Naanza na hilo ili ujue naitazama njia kwa jicho gani. Mandhari nzuri nazipenda, lakini swali langu la kwanza ni magari: yapo au hayapo?

Nilirudi kidogo kidogo kwenye Martesana, mfereji wa zamani unaoingia Milano kutoka mashariki. Kando yake baiskeli na waenda kwa miguu wana njia yao. Maji ya mfereji huo yanachotwa kutoka mto Adda, na mwenzangu kazini, mzaliwa wa bonde la Valtellina, akaniambia chemchemi za Adda ziko juu kabisa, nyuma ya mji wa Bormio, na hapo karibu kuna maziwa mawili yanayozungukwa kwa njia ya changarawe. Aliniambia nitasikia kengele za ng'ombe tu. Sikumwamini. Lakini Septemba iliyopita mdogo wangu alipokuja kutoka Moshi kunisalimia, tukafunga safari.

Treni kutoka Milano Centrale hadi Tirano inachukua kama saa mbili na nusu. Kaeni upande wa kushoto, ziwa Como liko dirishani kwa muda mrefu. Kutoka Tirano ni basi hadi Bormio, tukalala hapo.

Asubuhi tukaenda kukodi. Yuro 40 kila mmoja kwa siku nzima, pamoja na helmeti, pampu na tyubu ya akiba. Baiskeli zenyewe zina usukani uliopinda chini kama za mashindano, ila tairi ni nene, milimita 45, zenye meno madogo. Mbele gia moja, nyuma kumi na moja. Kijana wa dukani alitoa upepo kwenye tairi mpaka ukiziminya kwa kidole gumba zinabonyea kidogo. Moyoni nikasema huyu anaharibu, maana kwetu tairi ikilegea mtu anatafuta pampu. Njiani nikaelewa. Tairi laini inalikumbatia jiwe badala ya kurushwa nalo, na mikono haifi ganzi.

Kufika juu kuna njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya lami kutoka Valdidentro, yenye kona za kujikunja moja juu ya nyingine. Ndiyo waliyopanda waendeshaji wa Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Italia, tarehe 22 Oktoba 2020, Jai Hindley akashinda hatua ile baada ya kuvuka mlima wa Stelvio siku hiyohiyo. Karibu kilomita 9 kwa wastani wa asilimia 6.8, na magari yanaitumia. Hiyo si yangu. Sisi tulipelekwa na gari la duka hadi Arnoga, kwenye barabara iendayo Livigno, na kutoka pale tukaingia njia inayoitwa Decauville.

Hapa ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Decauville ni jina la reli nyembamba, ile ya vigari vidogo, na njia hii ilikuwa reli ya kubebea vifaa vya ujenzi wa mabwawa. Reli iling'olewa, tuta likabaki. Kwa kuwa treni haiwezi mwinuko mkali, njia yote, kama kilomita 10, inakwenda karibu tambarare ubavuni mwa mlima. Kushoto kwako mlima, kulia bonde linashuka mpaka unaona paa za nyumba kama vipande vya kashata. Changarawe ni ndogo na imeshindiliwa, na kwenye kivuli cha misonobari ilikuwa bado na umande, haina vumbi. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa nageuka nyuma kila mara. Hakuna kitu. Baada ya hapo nikagundua nimeacha kugeuka, na sikumbuki niliacha lini.

Kilichobaki masikioni ni tairi zikisaga kokoto na sauti ya mdogo wangu. Tuliweza kwenda sambamba tukizungumza habari za nyumbani, jambo ambalo barabarani hatujawahi kulifanya. Kisha ikaja mbinja kali, mara mbili. Juu ya jiwe alikuwa amesimama mamoti, mnyama wa milima hii anayefanana na pimbi wetu wa Kilimanjaro lakini mnene zaidi. Alitutazama, akapiga mbinja ya tatu, akazama shimoni.

Decauville inakufikisha kwenye Torri di Fraele, minara miwili ya mawe ya karne ya 14 iliyojengwa kulinda njia ya mlimani, mita 1,941 juu ya usawa wa bahari. Mdogo wangu akasema tuko juu kidogo ya geti la Marangu, na kweli hewa ilikuwa ileile, ya baridi kavu inayofungua kifua. Aliyezoea pwani aende taratibu hapa.

Sasa niseme ukweli kuhusu magari, maana wengi wanaandika kwamba hayapo kabisa. Kutoka minarani hadi bwawa la Cancano ile barabara ya kutoka Valdidentro inaungana nanyi, na watu wanapanda na magari yao kwenda kula. Tulipitwa na manane. Walikwenda polepole, lakini bega langu lilikumbuka. Upande wa kaskazini wa maziwa hatukukutana na gari hata moja, na kwa hiyo ushauri wangu ni kuanzia huko, mkiwa bado na nguvu na macho mapya.

Mzunguko wa maziwa yote mawili ni kama kilomita 20. Yote ni ya kutengenezwa: San Giacomo la juu, bwawa lake lilikamilika 1950, na Cancano la chini, lililokamilika 1956. Chini ya maji ya Cancano limezama bwawa la zamani zaidi, la miaka ya 1920. Umeme unaotokana na maji haya ulikusudiwa jiji la Milano tangu mwanzo, kwa hiyo taa ya jikoni kwangu ina undugu na mahali hapa. Rangi ya maji sijui niifananishe na nini. Ni buluu iliyotiwa maziwa, na juu yake majabali meupe yanayomomonyoka hadi ukingoni, na misonobari mifupi inayotambaa chini kama vichaka. Ng'ombe walikuwepo, na kengele zao, kama nilivyoahidiwa. Mwisho wa ziwa la juu kinaingia kijito kutoka Val Alpisella, huyo ndiye Adda akiwa mchanga. Nilishuka, nikatia mikono hadi viwiko, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno.

Lawama ninayo, na ni kubwa. Kwenye mteremko mfupi wa kaskazini nilibana breki ya mbele, mpini ukaja hadi kugusa usukani na baiskeli haikupungua mwendo. Nilijiokoa kwa breki ya nyuma na mguu. Tulipochungulia, pedi zilikuwa zimekwisha, chuma kinasugua chuma. Niliwapigia simu, wakaniambia niilete jioni. Mteja akiwa mlimani na breki moja, hilo si jibu. Miteremko yote iliyobaki niliikokota kwa miguu. Jioni walitazama, wakaomba radhi, wakarudisha nusu ya kodi bila ubishi, lakini baiskeli ile haikupaswa kutoka dukani. Kabla hujalipa, sukuma baiskeli mbele, bana breki moja moja, na uangalie pedi kwa tochi ya simu.

Huko juu chakula tulikila kandokando ya ziwa: pizzoccheri, tambi za unga wa ngano nyeusi (buckwheat) zilizochanganywa na viazi, kabichi na jibini. Sahani moja ilitutosha wawili. Bebeni koti la upepo hata kama Bormio kuna jua, maana saa tisa upepo uligeuka na tukarudi Decauville tumejikunyata. Wanaotembea kwa miguu ni wengi wikiendi, tumieni kengele mapema na mpunguze mwendo, njia ni yao pia.

Kwa siku ile tuliendesha kama kilomita 40. Njia naipa nyota tano, duka nalipa mbili. Juni, theluji ikiisha, narudi na baiskeli yangu mwenyewe. Nimeshainunua, iko barazani, na pedi zake ni mpya.