Utangulizi wa Filamu Unaotengenezwa Ng'ambo, Unguja: Tathmini ya Huduma ya Studio Moja

Studio ndogo za video za Ng'ambo, hapa Unguja, zinajulikana zaidi kwa harusi, na si ajabu, kwa kuwa harusi ndizo zinazozilisha. Ipo moja, hata hivyo, ambayo jina lake silitaji kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu, ambayo siku hizi hupokea pia kazi ya kutengeneza utangulizi wa filamu na tamthilia, yaani ile sehemu ya mwanzo yenye jina la mchezo, majina ya waigizaji na muziki kabla hadithi yenyewe haijaanza. Kikundi chetu cha maigizo kiliipa kazi hiyo kwa ajili ya tamthilia ya sehemu nne, kwa bei ya shilingi laki nne, na ninayoyaandika hapa yanahusu kazi hiyo peke yake.

Kwa ufupi, studio hii hufanya kazi nzuri sana inapotoka na kamera kuifuata hadithi mahali ilipo, na hufanya kazi ya hovyo inapofungua kompyuta na kuchagua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa na mtu mwingine kwa ajili ya hadithi nyingine. Sisi tulipata zote mbili, moja baada ya nyingine.

Tamthilia yetu inatokea Pemba, upande wa Wete. Ndugu watatu wanagombania shamba la mikarafuu, moja katika yale mashamba ya eka tatu tatu ambayo Serikali iliwagawia wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Baba yao amefariki, hati haionekani, na kila mmoja anamshuku mwenziwe, ilhali aliyeificha ni dada yao mkubwa, Bi Zuwena, ambaye katika sehemu mbili za mwanzo ndiye anayeonekana mpole kuliko wote. Ni hadithi ya siri ndani ya nyumba moja. Hakuna anayempiga mtu hata kofi.

Utangulizi wa kwanza tuliokabidhiwa ulianza kwa giza, kishindo cha ngoma, kisha herufi za rangi ya dhahabu zikaruka kutoka katika cheche za moto na kugongana katikati ya skrini kwa mlio wa chuma. Kati ya jina na jina zilipita picha zilizopigwa kutoka angani: ufukwe mweupe, majahazi, maji ya buluu. Kila kipande kilikuwa safi na hakina kasoro ya kifundi, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu ufundi wote ule ulikuwa ukimwahidi mtazamaji kitu ambacho hatukuwa nacho. Moto na chuma humwambia kwamba anakuja kuona mapigano, na ufukwe mweupe humwambia kwamba kuna mgeni anayetafutiwa hoteli. Mtu aliyeandaliwa hivyo hatamwona Bi Zuwena anapoingia na sinia la chai. Atakuwa bado anasubiri bastola.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu watengenezaji wengi wa hapa petu, na wa bara pia, bado wanauchukulia utangulizi kuwa ni pambo. Wapenzi wa taarab hawahitaji kufundishwa kuwa sivyo. Bashraf hupigwa mwanzoni mwa shughuli kabla mwimbaji hajafungua mdomo, bila neno hata moja, na kufikia mwisho wake ukumbi mzima umeshatiwa katika hali ambayo nyimbo zitaikuta tayari. Utangulizi wa filamu una wajibu huo huo, na una dakika moja au mbili tu za kuutimiza.

Hata Marekani wajibu huo ulichelewa kutambuliwa. Kwa miaka mingi majina ya mwanzo yalikuwa kadi za maandishi, na katika kumbi nyingi pazia lilifunguliwa baada ya kadi hizo kwisha kupita. Otto Preminger alipotoa The Man with the Golden Arm mwaka 1955, mikebe ya filamu ilipelekwa na maagizo kwamba pazia lifunguliwe kabla ya majina. Alikuwa na sababu. Filamu ile ni ya mtu aliyenaswa na heroini, na msanii Saul Bass aliifungulia kwa michirizi myeupe iliyokuwa ikiingia katika skrini nyeusi kutoka pande mbalimbali, ikifuatana na jazi ya Elmer Bernstein, mpaka michirizi hiyo ikageuka kuwa mkono uliopindapinda wenye vidole vilivyokakamaa. Hakuna sindano iliyoonyeshwa wala mgonjwa, lakini mtazamaji ameshajua kwamba kuna mwili ulioharibika. Miaka mitatu baadaye, katika Vertigo ya Alfred Hitchcock, Bass huyo huyo aliiweka kamera karibu kabisa na uso wa mwanamke, akaishusha mdomoni, akaipandisha machoni, kisha ndani ya jicho zikaanza kuzunguka duara zisizokwisha. Kizunguzungu cha filamu nzima kimo humo, na mwigizaji mkuu hajaonekana bado.

Kuhusu aina ya filamu, mfano ulio karibu zaidi na watazamaji wa Kizanzibari naona ni Sholay ya 1975. Sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi tunakumbuka jinsi kile cheti cha bodi ya ukaguzi ya India kilivyokuwa kikisomwa kwa makini, hasa idadi ya riili, yaani mizunguko ya utepe wa filamu, ili ijulikane kama filamu ni ndefu. Baada ya cheti, katika Sholay, treni inaingia kwenye kituo kidogo, ofisa anateremka, anapokewa, na wawili hao wanapanda farasi. Majina yote yanapita huku farasi wakivuka nchi kavu yenye majabali, muziki wa R. D. Burman ukiwasindikiza kwa gita. Farasi, majabali na gita: filamu imeshajitambulisha kwamba inafuata njia ya zile filamu za Kimarekani za wapanda farasi, ingawa kijiji ni cha Kihindi na hakuna mtu aliyetamka hivyo.

Aina ya filamu na hali yake, kwa maoni yangu, ndiyo mambo mepesi. Rangi, herufi na muziki vikichaguliwa kwa akili vitayafikisha. Kigumu ni kumwonyesha mtu, tabia yake, kabla hajasema lolote, na hapo ndipo nilipomwomba fundi wa studio atazame mwanzo wa Seven ya David Fincher, uliotengenezwa na Kyle Cooper mwaka 1995. Katika filamu ile muuaji hajitokezi mpaka hadithi imekaribia kwisha, lakini katika dakika mbili za utangulizi tumeshaiona mikono yake: inachuna ngozi ya ncha za vidole kwa wembe, inashona kurasa za madaftari, inakata maneno kwa uangalifu wa kutisha, huku majina yakiwa yamekwaruzwa kwa mkono na kurukaruka kana kwamba utepe wenyewe unaumwa. Tunamjua kabla ya kumwona. Tunajua kwamba ana subira, na kwamba subira yake ni ya ugonjwa.

Fundi alitazama mara mbili bila kusema kitu, kisha akaniambia: "Mwalimu, mimi sikupewa mtu. Nilipewa jina la mchezo tu. Nipeni huyo dada, na nipeni hizo karafuu." Kauli hiyo ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, kwa kuwa ni ya mtu anayeijua kazi yake, na ndiyo iliyozaa utangulizi wa pili, ambao ndio ninaousifu.

Unaanza kwa sauti, si kwa picha: makonyo, yaani vikonyo vinavyoshikilia karafuu, yanakatika, tiki, tiki, kavu. Kisha jamvi, na juu yake karafuu mbichi, za kijani zenye wekundu kidogo. Mikono ya mwanamke inachambua. Uso hauonekani, wala hautaonekana. Mkono wa kulia unakwenda mbio kama wa mtu aliyechambua karafuu tangu utotoni, unatenga karafuu huku na makonyo kule, na wa kushoto umefumbwa, umelazwa pajani, hausaidii. Kila jina linapoingia, karafuu zimebadilika: zimekuwa nyekundu zaidi, kisha hudhurungi, kisha karibu nyeusi, kwa hiyo katika dakika moja na nusu siku kadhaa za jua zimepita, na mkono wa kushoto bado umefumbwa. Kwenye jina la mwisho unafunguka. Mna ufunguo. Mikono yote miwili inaufunga katika pindo la kanga, fundo moja, la pili, na pindo linaingizwa kiunoni.

Mwanamke yeyote wa hapa ameshafunga kitu katika pindo la kanga, na kwa hiyo tendo lile halimshitui mtazamaji, linamwingia polepole. Ni tendo la mtu mwangalifu, mchapakazi, na lina maana ya pili ambayo itafahamika katika sehemu ya tatu. Hiyo ndiyo tabia ya Bi Zuwena yote, na hatujasikia hata salamu yake.

Herufi nazo zilifikiriwa upya. Dhahabu iliondoka, zikaja herufi za mashine ya taipu, nyeusi, zisizokaa sawasawa katika mstari, mfano wa zile za barua na hati za serikali za miaka ya sitini, na jina la tamthilia linaonekana kana kwamba limepigwa chapa juu ya karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano. Muziki ni taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, ya ganuni peke yake, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, bila ngoma wala kinanda, iliyorekodiwa na mpigaji aliyeletwa na studio, na inaacha vituo virefu ambamo makonyo yanasikika tena. Mhariri alipendekeza kuionyesha hati yenyewe chini ya jamvi, wazi kabisa. Tulikubaliana ibaki ncha ya karatasi tu, kwa muda wa kupepesa jicho, na nashikilia kwamba ufunguo unatosha. Hata ile ncha ingeweza kuachwa.

Lawama zangu sasa. Kazi ilicheleweshwa sana, kwa sababu iliangukia mwezi wa Shaabani, wakati watu wanakimbiza harusi kabla ya Ramadhani, na studio haikutuambia mapema kwamba harusi zitatangulizwa. Majina mawili ya mwisho yanapita pamoja upesi mno. Mwigizaji aliyefanya mazoezi usiku baada ya usiku anastahili jina lake lisomeke kwa utulivu. Tena herufi ni ndogo. Katika skrini kubwa ya studio zinapendeza, lakini watazamaji wetu wengi watatazama kwa simu, na katika simu majina yale yanakuwa vidoa. Jina la mwigizaji mmoja lenye kh liliandikwa kwa h tupu, na liliposahihishwa ilibidi kipande kizima kitengenezwe tena, kwa sababu studio haikuwa imehifadhi nakala ya picha isiyo na maandishi.

Jambo moja la kiutendaji walilifanya kwa hekima bila kuombwa. Tangu Netflix ilipoweka kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017, watazamaji wa tamthilia wameanza kukosa uvumilivu wa kuona mwanzo ule ule katika kila sehemu. Studio ilitupa utangulizi kamili kwa sehemu ya kwanza, na mfupi wa sekunde kumi na tano kwa zinazofuata, wenye fundo la kanga na jina la mchezo tu. Kwa sehemu ya nne walitengeneza mfupi mwingine ambamo fundo linafunguliwa. Hilo ni wazo lao, si letu, na ni zuri kupita lile tuliloliandika sisi katika mchezo wenyewe.

Anayetaka kuitumia huduma hii asipeleke jina la mchezo pekee. Apeleke maandishi ya sehemu ya kwanza, aseme mhusika wake ni nani na anaficha nini, aepuke miezi ya harusi, na aandikiane nao tangu mwanzo kwamba atakabidhiwa nakala yenye maandishi na isiyo na maandishi, pamoja na sauti kando, na kwamba majina yote yatajaribiwa kwanza katika simu. Laki nne kwa kazi iliyopigwa picha upya na kurekodiwa muziki wake ni bei ya haki. Kwa ile ya kwanza, ya cheche na dhahabu, hata laki moja ingekuwa nyingi.