Konsoli ya Kwanza ya Kujifunzia Ufundi: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Wengi huingia kwenye hobi ya kutengeneza konsoli za zamani, yaani mashine za gemu, kwa kununua ile konsoli waliyoililia utotoni. Mapenzi hayo nayaheshimu, lakini kwa mashine ya kwanza ya kujifunzia yaweke pembeni kidogo na uulize swali moja: mashine hii ikiharibika, kwa kawaida huwa ni uchafu au ni chipu? Uchafu, kutu na fyuzi vinatibika mezani kwako. Chipu ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa maalumu kwa konsoli hizo na hazitengenezwi tena, kwa hiyo dawa yake ni kuua mashine moja ili kuponya nyingine. Hiyo si kazi ya anayeanza. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa ugonjwa, si kwa umaarufu wala utamu wa gemu.

1. Game Boy ya kwanza (1989)

Kama unanunua moja tu, nunua hii. Inatumia betri nne za AA, yaani volti 6, kwa hiyo ndani yake hakuna umeme wa ukutani. Inafunguka kwa bisibisi mbili: ya meno matatu kwa skrubu za nje, na ya nyota ndogo kwa za ndani. Na magonjwa yake ya kawaida ni shule tosha.

La kwanza ni betri zilizovuja. Fungua kifuniko cha betri kabla hujalipa. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi, usikimbie, omba upunguziwe bei. Kinachovuja kwenye betri za alkali ni alkali kweli, kwa hiyo kinachoivunja ni asidi nyepesi: chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe, gusa ukoko, na utaona povu dogo likichemka pale pale. Rudia hadi povu liishe, futa, kisha pitisha alkoholi ya kusafishia (isopropili) ili siki isibaki ikaanza kula chuma yenyewe. Springi ikiwa imeliwa hadi ikakatika, za kubadilisha zinauzwa.

La pili ni mistari ya wima inayokosekana kwenye skrini. Wauzaji wengi huiita skrini iliyokufa, na hapo ndipo mnunuzi anayejua anapofaidi. Chini ya kioo kuna utepe mwembamba unaopeleka ishara kwenye skrini, na kwa miaka mingi baadhi ya njia zake huachia. Fundi huiwasha mashine ikiwa wazi, kisha hupitisha chuma cha kulehemu taratibu juu ya ukingo wa utepe huo, bila kukandamiza. Mistari hurudi mmoja mmoja huku unaitazama. Sijui kazi nyingine kwenye hobi hii inayomfurahisha mwanafunzi upesi hivi. Mistari ya mlalo ikikosekana, hiyo ni ngumu zaidi, iache kwanza.

La tatu ni dogo: swichi na kidude cha sauti vinavyokwaruza. Tone la alkoholi, washa na uzime mara kadhaa, imekwisha.

2. Sega Mega Drive ya toleo la kwanza (1988)

Imejengwa imara na inafunguka kwa bisibisi ya nyota ya kawaida. Adapta yake iko nje, kwa hiyo volti ndani ni ndogo. Ikikataa kuwaka, anza na tundu la umeme: plagi iliyochezeshwa kwa miaka mingi hupasua risasi ya kulehemu iliyoishika kwenye bodi, na kuilehemu upya ni zoezi zuri la kwanza. Baada ya hapo angalia regyuleta mbili za 7805 (vidude vinavyoshusha volti na kuituliza) zilizofungwa kwenye bamba la kupoza joto. Hizo hazikutengenezwa kwa Sega peke yake, ziko kwenye vifaa chungu nzima na bado zinatengenezwa.

Picha isipotokea, safisha tundu la kaseti (kile kisanduku cha gemu kinachochomekwa) kabla ya kuwaza lolote lingine.

3. Nintendo 64 (1996)

Konsoli yenyewe ni ngumu kuharibika, na pawasaplai yake huchomoka nyuma kama tofali dogo, huhitaji kuifungua. Kuna siri moja ya mnunuzi. Mbele, chini ya kifuniko kidogo, lazima kiwemo kipande kiitwacho Jumper Pak, au Expansion Pak badala yake. Kisipokuwepo, taa huwaka lakini skrini hubaki nyeusi. Zipo zinazouzwa kama mbovu kwa sababu hiyo tu. Fungua kifuniko hicho kwanza.

Ugonjwa wake halisi uko kwenye pedi, kile kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mkononi. Jostiki ya plastiki husuguana na bakuli lake, na ukiifungua utakuta unga mweupe laini umejaa ndani. Huo unga ndio jostiki yenyewe iliyosagika, kwa hiyo kusafisha hakutarudisha ukakamavu wake. Nunua bakuli na gia mpya.

4. NES (1985 Marekani)

Hii watu wengi wangeiweka juu, kwa sababu ugonjwa wake mashuhuri unafundisha sana. Taa nyekundu inayowaka na kuzima kila sekunde haimaanishi konsoli imekufa. Ndani kuna chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake ndani ya kaseti. Wasiposikilizana, ya konsoli huizima na kuiwasha mashine tena na tena. Na mara nyingi hawasikilizani kwa sababu ya uchafu kwenye pini za kaseti, au kwa sababu soketi ya pini 72 imelegea kutokana na ule mtindo wa kuingiza kaseti kisha kuibonyeza chini.

Nimeishusha kwa sababu ya soketi hiyo. Za kubadilisha zinazouzwa zinatofautiana mno kwa ubora, na nyingine hung'ang'ania kaseti hadi kuitoa ni vita. Ukiweza, tunza ile ya kiwandani: ichemshe kwenye maji safi kwa dakika chache, ikauke kabisa, kisha irudishe. Na wale waliozoea kupuliza kaseti waache. Mate ni unyevu, na unyevu huleta kutu kwenye pini.

5. Sega Dreamcast (1998)

Ni nzuri, lakini iwe ya pili au ya tatu, kwa sababu pawasaplai iko ndani na inapokea umeme wa ukutani moja kwa moja. Hata ukichomoa waya, kapasita yake kubwa (kidude kinachohifadhi chaji) inaweza kubaki na chaji ya kukuumiza, kwa hiyo usiguse upande huo wa bodi. Ikijizima na kujiwasha katikati ya gemu, mara nyingi ni pini zinazounganisha pawasaplai na bodi kuu zimechafuka. Pedi zote nne zikikataa kwa pamoja, tafuta fyuzi iitwayo F1 kwenye bodi ya pedi. Ikikuuliza tarehe kila ukiiwasha, betri ya saa imechoka.

Za kuacha kwa sasa

Game Gear ya 1990 inavutia, na karibu zote zinahitaji kapasita mpya. Za kwake huvuja maji yanayokula njia za bodi, na ni ndogo, zimebandikwa juu juu. Mkono usiozoea hung'oa shaba pamoja na kapasita. Xbox ya kwanza (2001) ina kapasita ya saa inayovuja kwenye matoleo yote kabla ya 1.6. Kama tayari unayo, iondoe mapema hata kama mashine inafanya kazi. Xbox 360 yenye taa tatu nyekundu, ishara ya hitilafu ya ndani, usinunue kabisa kwa kujifunzia.

Adapta inaua zaidi ya uzee

Hapa naomba usikilize kwa makini. Adapta ya NES hutoa umeme wa AC (mkondo geu), ilhali Famicom, dada yake wa Japani, inataka DC (mkondo mnyoofu), na plagi zinaingiana vizuri tu. Mega Drive ya kwanza ina hasi katikati ya plagi, ya pili ina chanya. Usiijaribu konsoli kwa adapta ya "inafanana". Soma maandishi yaliyo chini ya mashine, yalinganishe na ya adapta: AC au DC, volti, ampea, na mchoro wa duara unaoonyesha kilicho katikati. Muuzaji akikuambia aliijaribu kwa adapta nyingine, uliza ni ipi.

Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Anza na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, vijiti vya pamba na mswaki laini. Hivi peke yake vitafufua mashine nyingi. Kisha bisibisi: ya nyota, ya meno matatu, na zile za kichwa cha tundu za milimita 3.8 kwa kaseti za Nintendo na 4.5 kwa konsoli zake kama Nintendo 64. Multimita, yaani kipima umeme, ifuate. Chuma cha kulehemu kiwe cha mwisho, na kiwe cha kurekebishika joto, maana cha joto moja hubabua bodi. Msasa usinunue. Pini zimepakwa tabaka jembamba la dhahabu, na ukilikwangua, kutu itarudi haraka kuliko mwanzo.

Ukisoma tangazo, neno "haijajaribiwa" lichukulie kuwa haiwaki, ulipe bei ya isiyowaka. Omba picha ya sehemu ya betri, ya tundu la kaseti, na ya skrubu za chini. Skrubu zilizokwanguliwa vichwa zinaonyesha kuna aliyetangulia kuingia, na hujui alichokigusa. Rangi ya njano isikutishe: ni plastiki ya ABS iliyoathiriwa na mwanga, na haina uhusiano wowote na afya ya bodi. Haidroji peroksaidi ikisaidiwa na jua huirudisha nyeupe, ingawa baadaye inaweza kugeuka njano tena. Kazi hiyo ifanye mwisho, mashine ikishawaka.