Tije za kilbitere: za orijine ao za kromoli?

Mutu akiniuliza motere ya kushindana aweke tije gani za kilbitere (zile fimbo za chuma zinasukuma kilbitere, nayo inafungua supape), mi namuuliza kwanza: yaya, kilasi, ile kichwa ya juu ya motere, ulishaka kuikata, ni kusema kuichonga chini ipunguke? Juu tije za orijine, tuseme za Chevrolet V8 350, si mubaya hata, kwa gari ya kwenda Kasumbalesa na kurudi hautaona shida, na bei yake haiumize. Shida inaanza ukiweka resori za supape za nguvu na abrakame (ile mti inasukuma tije) ya kukimbia, motere inapanda kwa tur 7,000 kwa dakika, tije nyembamba inajipinda kidogo kama fimbo ya kuvulia samaki, supape haifunguke vile ulilipia.

Tije ya kromoli 4130 (chuma ya kuchanganya na kromu na molibdeni) yenye ukuta munene iko nzito kidogo, batu banaogopa ule uzito, bure tu, upande wa tije uzito hausumbue sana kama upande wa supape, kinachotakiwa ni isipinde.

Lakini hata kromoli, urefu ukiwa mubaya, ni makuta ya bure. Ukikata kilasi, tije inatakiwa ifupike, na ile ya orijine haijue ulikata ngapi. Ya kromoli unaagiza kwa kipimo. Kule Katuba, kwa motere moja, tulipaka marikeri kwa ncha ya mukia ya supape, pale kilbitere inagusa, tukaweka tije ya kupimia, ile ya visi inarefuka na kufupika, na resori laini, tukazungusha motere na mukono mara kama kumi: mustari ule kilbitere iliacha kwa marikeri ukakuja mupana, tena pembeni. Tukabadilisha urefu paka ukakuwa mwembamba, katikati. Njo tukaagiza.