Fuvu la plastiki la wanafunzi wa tiba: sura safi, kitako kina walakini

Fuvu hili la vipande vitatu linauzwa katika duka moja la vifaa vya hospitali kisiwani Mombasa. Likiwa kwenye kabati halina kasoro: meno yamepangika, mishono ya mifupa inaonekana, kifuniko kinafunguka kwa kulabu. Lipindueni sasa.

Kipimo ni chelewa ya ufagio: ikipenya, tundu ni la kweli. Tundu kubwa la uti wa mgongo halimshindi mtengenezaji yeyote. Kazi iko kwenye yale madogo ya katikati. Tundu la ovale, linalopitisha tawi la tatu la neva ya 5 (neva za kichwa huitwa kwa namba) kwenda kwenye misuli ya kutafuna, limetoboka kulia na kushoto. Tundu la spinosamu, nyuma yake kidogo kwa upande wa nje, kulia ni tundu kweli; kushoto ni kishimo kilichopakwa rangi nyeusi. Na humo ndimo inamopanda ateri ya kati ya meninji (tando za ubongo), ile inayochanika mtu akipigwa ubavuni mwa kichwa, damu ikajaa kati ya mfupa na utando wa ubongo. Ndani ya fuvu mfereji wake umechorwa vizuri. Njia ipo, mlango hakuna!

Tundu la rotundamu, la tawi la pili la neva hiyo ya 5, msilitafute kwa chini. Chungulieni ndani, mbele ya ovale, na chelewa isukumwe kwenda mbele.

Tundu la jugula, inapotokea veni kubwa inayoshusha damu kutoka kichwani, wamelipatia hasa: la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kama lilivyo kwa watu wengi, na mbele ya veni pana nafasi ya neva za 9, 10 na 11. Tundu la laseramu liko wazi, kama kwenye mfupa mkavu, ila lisiwadanganye: kwa aliye hai chini pamezibwa na gegedu, na ateri ya karotidi, inayopeleka damu kwenye ubongo, hupita juu yake. Mfereji wa karotidi una kona, chelewa itakatika. Tumieni waya laini.

Likianguka, huvunjika kwanza mwiba wa stailoidi, ule mfupa mwembamba uliochomoza chini ya sikio. Supagluu inashika, lakini tone moja likichuruzika nyuma yake linaziba tundu la neva ya uso. Springi za taya zipakwe mafuta ya cherehani, hewa ya bahari haizisamehi.

Spinosamu ya kushoto inatobolewa kwa keekee ya milimita 2, kuanzia ndani, mfereji unapoanzia. Saizi ndogo ya mezani iacheni: matundu yake mengi ni rangi tupu.